Namna ya Kusoma Azimio la Baraza la Usalama Ukiwa Nairobi

Mnamo tarehe 2 Oktoba 2023, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2699 kuhusu Haiti, na haukupita muda mrefu kabla ya watu hapa Nairobi kuanza kuelezana kwamba Umoja wa Mataifa umeiamuru Kenya ipeleke polisi wake Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Hakuna aya katika azimio hilo inayosema hivyo. Kilichoandikwa ni kwamba nchi wanachama zitakazomwarifu Katibu Mkuu zinaruhusiwa kuunda na kupeleka ujumbe wa kimataifa wa kusaidia usalama, chini ya nchi moja kiongozi na kwa ushirikiano na serikali ya Haiti, kwa muda wa miezi 12 ya mwanzo. Anayeruhusiwa anaweza kukataa, anaweza kuchelewa, anaweza pia kuweka masharti yake. Anayeamriwa hana nafasi hiyo. Familia za askari waliotua Haiti mwezi Juni 2024 zilistahili kuijua tofauti hii mapema, na zilistahili kuisoma kwa macho yao badala ya kusimuliwa.

Mwongozo huu unamlenga msomaji ambaye si mwanadiplomasia wala wakili: mwanafunzi, mwalimu wa historia, mwandishi wa habari, mkazi wa Eastleigh mwenye jamaa Mogadishu, au mzazi aliye katika laini za polisi anayetaka kujua mwanawe anapelekwa ugenini kwa idhini ya nani. Maazimio mengi ni ya kurasa chache tu. Ugumu wake hautokani na urefu, bali na ukweli kwamba kila neno limejadiliwa na mabalozi, na kwamba mara nyingi jambo lililo zito zaidi limewekwa mahali ambapo jicho la msomaji mwenye haraka halifiki.

Anza kwa kupata maandishi yenyewe

Maazimio yote ya Baraza yamewekwa kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa, yakipangwa kwa nambari na mwaka. Nambari hizo hufuatana bila kuanza upya tangu azimio la kwanza la Januari 1946, kwa hiyo ukijua nambari huna haja ya kujua kitu kingine ili kulipata azimio. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, nazo ni Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa hutoa habari nzuri kuhusu vikao vya Baraza, lakini habari ni muhtasari wa mtu aliyekwisha kusoma, na hapa lengo letu ni kusoma wenyewe. Kama unasoma pamoja na wazazi au majirani ambao Kiingereza chao si chepesi, mmoja wenu na aandike kwa Kiswahili kitenzi kinachoanzisha kila aya pamoja na jina la anayeelekezewa kitenzi hicho. Kazi hiyo peke yake hufungua nusu ya maandishi.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kwamba ulichoshika ni azimio kweli. Baraza hutoa pia taarifa za rais wake, ambazo huhitaji ridhaa ya wajumbe wote 15, na taarifa kwa vyombo vya habari ambazo uzito wake ni mdogo zaidi. Rais anayetajwa hapo ni balozi wa nchi inayoshika zamu ya mwezi mmoja, kama Kenya ilivyofanya Oktoba 2021, na si rais wa nchi yoyote. Baraza Kuu nalo, lenye nchi zote 193, hupitisha maazimio yake, lakini katika masuala ya vita na amani maazimio hayo kwa kawaida huwa ni mapendekezo. Mwandishi anayeandika tu kwamba Umoja wa Mataifa umeazimia, bila kusema ni chombo gani kilichoazimia, amemnyima msomaji wake habari muhimu kuliko zote.

Tazama kura kabla ya maneno

Ili azimio lipite katika jambo lisilo la utaratibu tu, linahitaji kura 9 za ndiyo, na pasiwepo kura ya hapana kutoka kwa yeyote kati ya wajumbe watano wa kudumu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Mjumbe wa kudumu akijizuia kupiga kura, azimio halizuiliki. Kwa sababu hiyo kujizuia kumekuwa lugha kamili ya kidiplomasia, na msomaji makini huiuliza kila mara: huyu amejizuia kwa nini, na atatoa nini au atanyima nini baadaye?

Azimio 2699 lilipata kura 13 za ndiyo, huku Urusi na China zikijizuia. Mtu angeweza kuona ni ushindi mkubwa na kuliacha hapo. Hata hivyo mataifa hayo mawili yalikuwa yakitangaza kwamba hayatauzuia ujumbe huo wala kuubeba kama wa kwao, na jambo hilo lilikuwa na uzito baadaye, Marekani ilipotaka ujumbe ugeuzwe kuwa operesheni kamili ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Vivyo hivyo, azimio 2767 la tarehe 27 Desemba 2024, lililoidhinisha ujumbe mpya wa Umoja wa Afrika nchini Somalia, lilipata kura 14, na aliyejizuia ni Marekani. Pingamizi lake lilihusu fedha. Yeyote aliyeisoma kura hiyo usiku ule aliweza kutabiri kwamba ujumbe ungeanza kazi bila uhakika wa mishahara ya askari wake.

Kura ya turufu, yaani ile hapana ya mjumbe wa kudumu inayoliua azimio, nayo isikufanye uifunge karatasi. Tarehe 25 Februari 2022 rasimu ya kulaani uvamizi wa Ukraine ilipata kura 11, Kenya ikiwa miongoni mwa waliounga mkono, nayo Urusi ikaizima. Siku mbili baadaye Baraza lilipitisha azimio 2623 la kuliitisha Baraza Kuu katika kikao cha dharura, na kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la utaratibu, turufu haikuwa na nguvu juu yake. Tarehe 2 Machi Baraza Kuu lilipiga kura: nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 zilijizuia. Njia hiyo ilitengenezwa tangu mwaka 1950 kwa ajili ya nyakati ambazo Baraza la Usalama limekwama. Haizimi vita, lakini huonyesha hadharani nani yuko upande gani, na kwa nchi ndogo hilo lina thamani yake.

Pamoja na azimio, tafuta kumbukumbu ya kikao. Humo mabalozi hueleza kwa nini wamepiga kura walivyopiga, na mara nyingi hotuba ya aliyejizuia hufundisha kuliko hotuba kumi za waliokubali.

Utangulizi: soma haraka, simama mara moja

Sehemu ya kwanza ya azimio ina aya zisizo na nambari, ambazo hukumbusha, hukaribisha na hueleza wasiwasi. Zisome kwa haraka ukitafuta vitu viwili. Cha kwanza ni maazimio yaliyotangulia, kwa maana huwezi kuuelewa 2699 bila kujua kwamba azimio 2653 la Oktoba 2022 lilikuwa limeshaweka vikwazo dhidi ya viongozi wa magenge ya Haiti. Cha pili ni sentensi inayosema kwamba hali inayozungumzwa ni tishio kwa amani na usalama wa kimataifa. Hapo simama. Sentensi hiyo ndiyo ufunguo wa Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambayo kwa Kifungu cha 39 hulitaka Baraza kwanza litambue kuwepo kwa tishio, uvunjaji wa amani au uchokozi, kabla ya kuchukua hatua za lazima.

Vitenzi na Sura ya Saba

Sasa umefika kwenye aya zenye nambari, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Kila aya huanza na kitenzi, na vitenzi hivyo vina ngazi. Baraza linapoamua, linaweka wajibu, kwa kuwa Kifungu cha 25 cha Mkataba kinasema kwamba wanachama wote wamekubali kuyapokea na kuyatekeleza maamuzi yake. Linapodai, linasema kwa ukali na kwa kawaida linamaanisha wajibu pia. Linapoidhinisha, linaruhusu kitendo ambacho pengine kingekuwa kinyume cha sheria, lakini halimlazimishi mtu kukitenda. Linapotoa wito, linapohimiza, linapoalika, linashuka ngazi moja baada ya nyingine, hadi kufikia maneno ambayo nchi inaweza kuyapuuza bila kuonekana imevunja chochote.

Chukua kalamu, uzungushie duara kila kitenzi, kisha uandike pembeni: nani anaambiwa? Nchi zote? Serikali moja? Katibu Mkuu? Kundi lenye silaha? Utashangaa ni mara ngapi aya inayosikika kali inamwelekea mtu asiyeweza kuitekeleza, na ile inayoonekana ya kawaida inazifunga nchi zote duniani. Katika azimio la Haiti, aya za vikwazo vya silaha ziliziwajibisha nchi zote wanachama, Kenya ikiwemo, hata zile ambazo hazikuwa na nia ya kupeleka askari hata mmoja. Wachache sana waliliona hilo, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye ndege ya polisi.

Kutajwa kwa Sura ya Saba ni jambo zito, lakini kumezungukwa na imani mbili potofu. Ya kwanza ni kwamba kila kitu kilicho chini ya sura hiyo ni ruhusa ya kupigana. Si kweli: Kifungu cha 41 kinahusu hatua zisizo za kijeshi, kama vikwazo vya biashara na kuzuia mali, na Kifungu cha 42 ndicho kinachohusu matumizi ya nguvu. Ruhusa ya nguvu hutambulika kwa maneno yanayoruhusu kuchukua hatua zote zinazohitajika. Maneno ya aina hiyo yalikuwa katika azimio 678 la Novemba 1990 kuhusu Kuwait, yakarudi katika azimio 1973 la Machi 2011 kuhusu Libya, na yamo pia katika azimio la Haiti. Hayakuwamo katika azimio 1441 la Novemba 2002 kuhusu Iraq, ambalo lilionya tu juu ya athari kubwa, na ubishi uliofuata kuhusu uhalali wa vita vya mwaka 2003 ulitokana kwa sehemu kubwa na pengo hilo.

Imani potofu ya pili ni kwamba azimio lisilotaja Sura ya Saba halimfungi mtu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya mwaka 1971 kuhusu Namibia, ilisema kwamba Kifungu cha 25 hakihusu hatua za Sura ya Saba peke yake, na kwamba nguvu ya azimio hupimwa kwa lugha yake, mjadala uliolizaa, vifungu vilivyotajwa na mazingira yote. Suala hili liliibuka tena Machi 2024, Baraza lilipodai katika azimio 2728 kwamba mapigano ya Gaza yasitishwe katika mwezi wa Ramadhani. Marekani, iliyojizuia, ilisema azimio hilo halina nguvu ya kulazimisha, na wajumbe wengine wakasema linayo. Mimi naona maoni ya mwaka 1971 yana hoja yenye uzito zaidi, lakini msomaji anapaswa kujua kwamba dola kubwa inaweza kulisoma andiko lilelile kwa namna inayoipendeza, na hakuna karani wa kuisahihisha.

Linganisha hayo na azimio 2773 la Februari 2025 kuhusu mashariki mwa Kongo, lililopitishwa kwa kauli moja chini ya Sura ya Saba. Lililitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liache kuliunga mkono kundi la waasi la M23 na kuondoka katika ardhi ya Kongo. Kutajwa kwa jina lilikuwa jambo kubwa kwa viwango vya Baraza. Lakini kitenzi kilichotumika kilikuwa cha kutoa wito, na hakikufuatwa na adhabu kwa atakayekaidi.

Fedha na tarehe

Tafuta aya ya fedha kama unavyotafuta bei katika mkataba wa nyumba ya kupanga. Operesheni za kulinda amani za Umoja wa Mataifa hulipiwa kwa michango ya lazima ya nchi zote. Ujumbe wa Haiti wa mwaka 2023 haukuwa wa aina hiyo: azimio lilisema wazi kwamba gharama zake zingebebwa na michango ya hiari. Matokeo yake yaliandikwa tayari ndani ya sentensi hiyo. Askari 2,500 walitarajiwa. Miaka miwili baadaye waliokuwapo walikuwa takriban 1,000, wengi wao Wakenya, na malalamiko ya vifaa pungufu hayakukoma. Baraza lilipolirudia suala hilo tarehe 30 Septemba 2025 katika azimio 2793, liliidhinisha kikosi kipya cha kupambana na magenge chenye hadi watu 5,550, na safari hii likaanzisha pia ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kukisaidia kwa vifaa na huduma. Ukiyaweka maazimio hayo mawili pamoja, utaona kwamba badiliko lenye maana zaidi liko katika aya za msaada na malipo kuliko katika jina la kikosi.

Kwa Afrika jambo hili ni chungu. Azimio 2719 la Desemba 2023 lilifungua mlango wa operesheni za Umoja wa Afrika kulipiwa hadi asilimia 75 kutoka michango ya lazima, lakini kila operesheni ni lazima iidhinishwe peke yake, na Somalia, ambako wanajeshi wa Kenya wamekuwa tangu Oktoba 2011, ilikuwa mtihani wa kwanza. Tumeshaona kura ya Marekani ilivyokuwa.

Tarehe pia zina nguvu yake. Mwezi Novemba 2004 Baraza la Usalama lilikuja Nairobi na kuketi Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, jambo lililo nadra sana kwa chombo hicho, na hapo likapitisha azimio 1574 kuhusu Sudan. Wahusika wa vita vya kaskazini na kusini waliahidi kukamilisha makubaliano kabla ya tarehe 31 Desemba, na Mkataba wa Amani ukatiwa saini katika jiji hilihili tarehe 9 Januari 2005. Siku iliyotajwa kwenye maandishi iliwafunga wahusika mbele ya macho ya dunia. Kwa upande wa Darfur, eneo la magharibi mwa Sudan lililokuwa na vita vyake, azimio hilohilo halikurudia tishio la vikwazo lililokuwamo katika azimio 1564 la Septemba mwaka uleule.

Soma kisichoandikwa

Ukimaliza, rudi mwanzo ujiulize ni nini hakimo. Tarehe 13 Juni 2024 azimio 2736 lilikidai kikosi cha RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, kikomeshe kuizingira El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini. Kura zilikuwa 14, Urusi ikijizuia, na kitenzi kilikuwa kikali. Lakini hapakuwa na kikosi cha kuwalinda raia, hapakuwa na tarehe ya mwisho, wala hatua ya moja kwa moja dhidi ya atakayekataa. Mji ulishikwa na RSF mwishoni mwa Oktoba 2025, na mauaji yaliyofuata yanajulikana. Nairobi, ambako Wasudani wengi wamekimbilia, hakuna haja ya kueleza gharama ya aya iliyokosekana.

Rwanda ilitufundisha hayo kabla. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yameshaanza, azimio 912 lilikipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270 hivi. Yeyote aliyesoma nambari hiyo alijua kwamba ulinzi wa raia haukuwa umekusudiwa.

Rudi kwenye sheria za nyumbani

Azimio linaweza kuiruhusu Kenya kutenda jambo ambalo sheria ya Kenya yenyewe hairuhusu. Kifungu cha 240 cha Katiba kinalipa Baraza la Usalama wa Taifa uwezo wa kupeleka vikosi nje kwa idhini ya Bunge. Bunge la Kitaifa liliidhinisha safari ya Haiti tarehe 16 Novemba 2023, lakini tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinahusu majeshi ya ulinzi, na kwamba polisi hupelekwa nje kwa utaratibu wa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, unaodai makubaliano na nchi inayowapokea. Azimio 2699 lilikuwa na nguvu zake zote siku hiyo, na bado polisi hawakuweza kuondoka kihalali. Serikali za Kenya na Haiti zilitia saini makubaliano tarehe 1 Machi, na kikosi cha kwanza cha askari 200 hivi kikafika Port-au-Prince tarehe 25 Juni.

Kwa hiyo ukikutana na azimio linaloihusu Kenya, liweke kando ya Katiba na usome vyote viwili. Andika tarehe ambayo idhini inakwisha, kwa kuwa wiki chache kabla yake ndipo rasimu mpya hujadiliwa na ndipo maswali yako yanaweza kuwa na athari. Angalia pia nani ametakiwa kutoa ripoti: viongozi wa ujumbe wa Haiti walitakiwa kulijulisha Baraza kuhusu malengo yao, kanuni za matumizi ya nguvu na mahitaji ya fedha. Jambo linaloweza kuelezwa mabalozi mjini New York linaweza kuelezwa pia wananchi wanaowatoa askari hao, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ilhali Kifungu cha 119 kinampa haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Ombi lako litaje nambari ya azimio, aya, kitenzi na tarehe ya mwisho, na liulize swali moja ambalo mbunge hawezi kulijibu kwa maneno ya jumla.